Kabari Zilizokwenda Lubumbashi

Nyinyi vijana mnaokaa viti vya nyuma kanisani na simu zenu, mkidhani sisi wazee hatuoni, haya ni yenu. Mwalimu wenu wa Jumapili aliniomba niwaandikie juu ya kazi niliyofanya kabla ya kustaafu, akasema kurasa mbili zinatosha. Nadhani alitaka niseme niliendesha treni. Sikuendesha treni hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kufunga mizigo juu ya mabehewa ili isianguke njiani, na niliifanya miaka ishirini na saba katika yadi moja kusini mwa Johannesburg, katikati ya vumbi la migodi na harufu ya dizeli. Kurasa mbili hazitoshi.

Tena niwaambie mapema. Katika kazi hiyo kuna kabari moja ya mti iliyotoka kwetu Lubumbashi ikiwa imeandikwa habari za mama yangu, na mimi niliichoma moto kabla sijaisoma. Tangu siku ile sijamwambia mtu. Nitafika hapo, lakini msinisukume.

Kazi hii ikikuingia haikutoki. Mwezi uliopita nilikuwa Mayfair, nimesimama kwenye taa za robot nasubiri kuvuka. Mbele yangu ikasimama pikapu iliyobeba friji ndefu ya dukani, imesimamishwa wima, imefungwa kwa kamba moja ya nailoni iliyopita juu yake. Dereva alikuwa kijana wa Kisomali mwenye duka karibu na msikiti. Nikamgongea dirisha, nikamwamkia vizuri, nikamwambia friji yako itaanguka. Akanitazama juu mpaka chini, akasema ametoka nayo mbali na haijaanguka. Nikamwambia haijaanguka kwa sababu hujapiga breki. Taa ikawa kijani, akaondoka zake. Kwenye robot iliyofuata taksi ikamkatia mbele, akapiga breki. Sikucheka, Mungu ni shahidi yangu. Nilitembea mpaka pale, tukainyanyua pamoja, nikaifunga upya kwa kamba ile ile, nikiivuta mbele na nyuma kwa mshazari, na kipande cha kartoni nikakikunja kwenye kona ili kamba isikatike. Kijana akaanza kuniita baba, akanipa soda. Mlango wa friji ulipinda kidogo tu.

Aliyenifundisha hayo ni Ntate Molefi. Ntate ni baba kwa Kisotho, na kila mtu yadini alimwita hivyo, hata mabosi. Alikuwa msimamizi wa wafungaji, mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu kichwani hata Desemba jua linapochoma. Mimi nilikuwa nimetoka Lubumbashi na Kiswahili changu na Kifaransa cha shule. Yeye alikuwa na Kisotho, Kizulu na Kiingereza cha yadini. Kwa hiyo masomo ya kwanza tuliyafanya kwa vidole.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa mashine ya kusagia mawe, inakwenda migodi ya kwetu. Nilipitisha minyororo minne juu yake, nikaikaza mpaka ikalia, nikajiona fundi. Ntate Molefi akaizunguka mara moja bila kugusa kitu. Kisha akamwita dereva wa ile injini ndogo ya kupanga mabehewa, akamwonyesha kwa mkono kwamba aligonge behewa langu. Injini ikarudi polepole, ikaligonga kama mabehewa yanavyogongana kila siku. Mashine yote ile ikateleza kiasi cha kiganja, na minyororo yangu minne ikalala kama kamba za kuanikia nguo.

Akaniuliza, mzigo huu unataka kwenda wapi? Nikadhani ananiuliza kituo, nikamjibu Kolwezi. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, na wiki nzima watu wakawa wananiita Kolwezi.

Alichotaka nijue ni hiki. Kabla ya kushika mnyororo, simama mbele ya mzigo ujiulize utasogea upande gani. Treni ikipiga breki, mzigo unataka kwenda mbele. Ikianza kuvuta, unataka kurudi nyuma. Kwenye kona unataka kuanguka kando, na kwenye reli mbovu, na kule juu zilikuwa nyingi, unataka kuruka. Mnyororo uliopita juu tu unazuia kuruka, basi. Mbele na nyuma unazuia kwa minyororo ya mshazari inayokatana, na chini unazuia kwa kabari za mti zilizochomekwa ubavuni mwa mzigo na kupigiliwa misumari kwenye sakafu ya behewa. Watu hudharau kabari kwa sababu ni kipande cha mti. Mimi nimeona minyororo ikikatika na kabari zikabaki zimeshika.

Mti wenyewe uwe mkavu. Mti mbichi wa mkaratusi utabana vizuri sana hapa Johannesburg, utaupiga nyundo na kufurahi, lakini baada ya siku nne za jua la kule kaskazini umenyauka na kabari inacheza. Ukate kwa kufuata nyuzi zake, la sivyo utapasuka nyundo ya tatu. Kona kali za chuma zivishe mpira wa tairi kuukuu. Ukimaliza, chukua spana ugonge kila mnyororo usikilize. Uliokazwa sawasawa una sauti nyembamba inayokaa sikioni. Uliolegea unasema tok, kama mlango wa kabati. Kisha, na hili vijana wengi hawakulipenda, subiri saa moja, urudi, ugonge tena yote. Mzigo hukaa, mti hukubali, na mnyororo uliokuwa unaimba asubuhi utaukuta umenyamaza.

Minyororo tuliikaza kwa kikazio, yaani chuma chenye ndoana mbili na skrubu katikati. Unachomeka mtaimbo, unazungusha, ndoana zinakaribiana. Sheria ni moja: usisimame mbele ya mtaimbo, simama ubavuni. Mnaliona hili pengo langu la jino la mbele. Najua mnaambiana nilipigana vita kule Kongo. Sikupigana na mtu. Nilisimama mbele ya mtaimbo.

Mambo yalibadilika mara nyingi nikiwa pale. Kwanza ulikuwa waya mnene wa kusokota, tuliousokota kwa nondo mpaka ukaanza kuvuma, na ukizidisha mzunguko mmoja unakatika na kukuchapa. Ikaja mikanda ya kitambaa yenye kikazio cha meno, mizuri, myepesi, lakini jua likiipiga miaka miwili inaoza ndani huku kwa nje bado ina rangi. Kisha ikaja mifuko ya hewa, ya kuweka kati ya mizigo ndani ya mabehewa yaliyofunikwa. Unaiingiza ikiwa bapa, unaijaza upepo, inavimba na kushika kila kitu. Siku ya kwanza bwana mmoja wa kampuni iliyoiuza alikuja na tai yake kutuonyesha, akawa anaongea bila kutazama kipimo. Ule mfuko ulipasuka kwa mlio kama wa bunduki, ambao mnajua nyinyi wenyewe Johannesburg mtu akiusikia anafanya nini. Wote tulikuwa chini, bwana wa tai yuko chini ya behewa kabisa. Aliyebaki amesimama ni Ntate Molefi, mweupe kwa unga wa mahindi kichwani hadi viatuni, maana mfuko ulikuwa umepasua magunia. Akasema kwa upole kwamba mti hauna tabia hiyo.

Sasa niwaambie habari za Kalenga, ambaye ni mdogo wangu.

Nilipoondoka Lubumbashi yeye alibaki na mama. Baba yetu alikuwa amekufa zamani. Alikuwa seremala, na kila ubao alioukata aliuwekea alama yake, mikato mitatu ya kisu iliyolala upande. Nilipofika yadini nikakuta wafungaji nao wana desturi hiyo. Kila mmoja anakata alama kwenye kabari zake, ili mzigo ukisogea ijulikane nani wa kugombezwa. Mimi sikufikiri mara mbili, nikachukua mikato mitatu ya baba.

Barua za posta wakati ule hazikufika kwetu, na kama zilifika zilikuwa zimefunguliwa. Simu nyumbani hakuna. Miaka miwili mama hakujua kama ninaishi. Kumbe Kalenga alikuwa amepata kazi ya kushusha mizigo kwenye yadi ya reli ya kule kule Lubumbashi, nami sina habari.

Lazima mjue jambo moja la kazi. Behewa likishushwa mzigo, minyororo na vikazio ni mali ya yadi ilikotoka. Vinatiwa kwenye sanduku la chuma lililo chini ya behewa, pamoja na kabari ambazo bado nzima, na vinarudi na behewa tupu. Asubuhi moja nilifungua sanduku la namna hiyo, nikawa natoa minyororo, nikatoa kabari moja yenye mikato yangu mitatu. Nikaigeuza kuona kama imepasuka. Chini yake, upande unaolalia sakafu ambako mvua haifiki, mtu alikuwa ameandika kwa ile kalamu nene ya bluu ya kuwekea mizigo alama: NI WEWE?

Niliujua mwandiko wa Kalenga, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuandika. Nilikaa juu ya reli na kabari ile mapajani, nikalia mbele ya wanaume wenzangu bila aibu. Ntate Molefi akaja, akaiangalia, hakuelewa maneno lakini alielewa jambo. Akaniletea kabari mpya, kavu, aliyoichonga mwenyewe, na kalamu.

Niliandika: NI MIMI. NIKO MZIMA.

Ndivyo tulivyozungumza mimi na mdogo wangu kwa miaka. Kwenda wiki tatu, kurudi wiki tatu, wakati mwingine zaidi reli ikiharibika. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo unachagua neno. Yeye aliandika: MVUA NYINGI, PAA LINAVUJA. Niliandika: MTOTO WA KWANZA, MSICHANA. Aliandika: NIMEOA. Aliandika: MAMA ANASALIMIA. Ntate Molefi alijua, na kila mzigo wa Lubumbashi ulipokuja aliniachia mimi, hata kama zamu haikuwa yangu. Mama hakujua kusoma, lakini Kalenga alimpelekea zile kabari nyumbani, akamsomea, na yeye akazipanga jikoni ukutani na kukataza mtu asiziwashie moto.

Swali lake lilikuwa moja. MAMA ANAULIZA UNAKUJA LINI. Nikajibu: MWAKA KESHO. Akauliza tena, nikajibu vile vile. Sikuwa namdanganya. Karatasi zangu za hapa zilikuwa za mkimbizi, na mkimbizi akirudi alikokimbia, anazipoteza. Nilikuwa na mke na watoto wa kulisha hapa Hillbrow. Nilijiambia mambo yatatulia, kisha hayakutulia.

Hapo sitaki kuwaficha. Nilikuwa nikimaliza kufunga behewa la kwetu, nagonga minyororo yote, nasimama kando, na injini inalivuta kwenda kaskazini. Nilijua kila mahali litakapopita. Litavuka mto Limpopo, litapita Bulawayo, litapita juu ya daraja la maporomoko, litapanda Zambia, na siku moja asubuhi litasimama mahali ambapo watu wanakula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na udongo ni mwekundu hadi kwenye kuta za nyumba, na mdogo wangu ataweka mkono wake mahali nilipoweka wangu. Roho iliniuma kwa wivu. Nilimwonea wivu mzigo wa chuma. Kila nilichofunga kilifika kwetu isipokuwa mimi.

Ntate Molefi alistaafu, akarudi kwao milimani, nami nikashika nafasi yake. Mwaka huo huo zikaja kabari za chuma. Ziliunganishwa kwenye behewa lenyewe, zinateleza kwenye mfereji, unazisukuma mpaka zigusane na mzigo kisha unazikaza kwa skrubu. Hazinyauki, hazipasuki, hazihitaji msumari. Niliwaambia mabosi ni nzuri, na kweli zilikuwa nzuri. Nilijivunia. Nilikuwa msimamizi mpya mwenye kofia mpya. Wakasema basi mti wote utoke yadini, hatutaki vitu viwili.

Ilikuwa Julai, asubuhi yenye baridi ile ya kuvunja mifupa, nyasi nyeupe kwa jalidi. Tulikuwa tumewasha imbawula, lile pipa lililotobolewa matundu, na wanaume wamelizunguka. Nikaamuru mti wote wa zamani uletwe uchomwe pale, tuote moto. Nilitoa amri mimi mwenyewe, kwa sauti ya ubosi. Behewa tupu lilikuwa limeingia kutoka kaskazini alfajiri ile; wakafungua sanduku lake, wakatenga minyororo, kabari wakazitupa motoni kwa mafungu. Siku zote nilikuwa nageuza kila kabari kabla haijakwenda popote. Siku ile nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na naeleza watu jinsi chuma kilivyo bora.

Nikaona mikato mitatu. Ilikuwa inang'aa nyekundu pembeni mwa pipa.

Niliivuta kwa mtaimbo, nikaimwagia chai yangu, nikaigeuza. Kulikuwa na neno moja la bluu, MAMA, na baada yake herufi moja, A, kisha mkaa mtupu.

Mama anaumwa. Mama anakuita. Mama anakufa. Nilimaliza sentensi ile kwa kila namna, na hakuna namna iliyonipa usingizi. Niliandika kwa chaki kwenye kabari za chuma za behewa lililofuata, MAMA VIPI, na la baadaye pia. Sikupata jibu. Miezi minne baadaye dereva wa lori kutoka kwetu alikuja kanisani akaniita nje, akanishika mkono, akaniambia mama amezikwa wiki mbili zilizopita.

Kwa hiyo nikajua, au nilidhani najua. Mama aliniita, na mimi niliota moto kwa wito wake.

Zikaja simu za mkononi. Mimi na Kalenga tunaongea kila mwezi, na tumeongea kila kitu: watoto, bei ya unga, magoti yake, magoti yangu. Habari ya ile kabari hatukuigusa. Yeye hakuitaja, nikaona ameninyamazia kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Nami ningeanzia wapi? Karatasi zangu zilikuja kutengenezwa, miaka mingi sasa naweza kwenda na kurudi bila mtu kuniuliza. Sikwenda. Kila mwaka nilipata sababu, na sababu ya kweli ilikuwa kwamba niliogopa kukaa mbele ya mdogo wangu aniulize kwa nini nilisoma na sikuja.

Huwa napanda taksi kwenda kuangalia yadi yetu kupitia uzio. Nyasi zimeota kati ya reli, nyaya za umeme zimeibwa, mizigo ya kwetu sasa inakwenda kwa malori. Nyinyi mnapanda ile treni ya kasi ya Sandton, mnashika mpini wa juu kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili, na ni vizuri. Mimi nikipanda nasikia kiu ya kugonga kitu kwa spana. Natamani harufu ya mti mkavu uliokatwa sasa hivi. Namtamani Ntate Molefi anicheke. Na kuliko vyote natamani ile dakika ya kufungua sanduku, kabla ya kujua kama kuna neno ama hakuna.

Nilipofika hapo niliacha kuandika siku mbili.

Anayenichapia haya ni mjukuu wangu Neema, ambaye nyote mnamjua. Kiswahili anakisikia vizuri, kukisema ndiyo kazi. Alichapa mpaka pale, kisha akasema, "Eish, Nkambo. Si umpigie tu umuulize?" Nkambo ni babu, kwa watu wa kwetu. Nikamwambia mambo hayaendi hivyo. Akaniuliza yanaendaje. Kabla sijajibu, yeye akawa ameshabonyeza namba.

Nilimwambia Kalenga yote kwa pumzi moja: pipa, chai, herufi A.

"Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita mkubwa kwetu. "Njo kusema haukusoma?"

"Nilisoma neno MAMA tu."

"Mama hakukuwa mugonjwa ile siku. Alikuwa muzima kabisa."

Akanieleza. Ulikuwa umefika mtungi mkubwa wa kinu cha mgodi, wa urefu wa nyumba, umefungwa na mimi, mojawapo ya mizigo yangu ya mwisho ya kabari za mti. Jioni akamwambia mama kwamba kitu kama nyumba kimetoka Johannesburg na hakikusogea hata kidole, na ni mikono ya mwanawe. Mama akasema anataka kukiona. Asubuhi akavaa kitenge cha kanisani, wakaenda kwa miguu. Mlinzi wa lango akakataa, mama akamsemesha mpaka akakubali. Akalizunguka behewa taratibu, akauliza mnyororo upi nilioukaza mwenyewe, na Kalenga, ambaye hangeweza kujua, akamwonyesha mmoja. Mama akaushika kwa kiganja, akakaa hivyo. Wanaume walikuwa wanasubiri kufungua mzigo, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoke.

Kalenga akaandika: MAMA ALISHIKA MNYORORO WAKO.

Mzigo ule naukumbuka. Nilizunguka kugonga minyororo yake mara tatu badala ya mara mbili, kwa kuwa ulikuwa unakwenda kwetu.

Nikamuuliza Kalenga mama alisema nini baadaye. Akasema mama alikuwa anangoja jibu langu. Kila Kalenga akirudi kutoka kazini mama alimuuliza, na yeye akamwambia bado, maana mabehewa yalianza kuja na chuma kitupu, hakuna cha kugeuza, na chaki yangu ilikuwa imefutika njiani. Mvua zilipoanza homa ikampata, ikawa siku tano tu. Siku ya nne akauliza tena kama nimejibu. Kalenga akaingia jikoni, akachukua kabari moja ya zamani ukutani, akakaa karibu na kitanda, akaigeuza na kumsomea.

"Ulimsomea nini?" nikamuuliza. "Nilisema nini?"

"Ulisema unakuya, yaya."

Neema alizima kompyuta akaenda kunitengenezea chai, bila mimi kumwomba. Tiketi tuliikata siku ile ile. Jumanne asubuhi napanda basi la Lubumbashi, na nimemwomba Kalenga tupitie makaburini kwanza, kabla ya nyumbani, nimwambie mama kwamba nimekuja.